Ualbino: Urithi, Jua na Uhalifu

Katika mashamba ya Mgori, mkoani Singida, mkulima mwenye ngozi nyeusi apaliliapo mtama au alizeti kutwa nzima hurudi nyumbani jioni akiwa amechoka tu. Mwenye ualbino, akifanya kazi hiyo hiyo bila kujifunika, hurudi na ngozi iliyoungua. Kwa kipimo cha sayansi tofauti baina yao ni ndogo mno. Lakini kwa ajili yake damu ya binadamu imemwagwa.

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na kitu kiitwacho melanini. Utengenezaji wake huongozwa na jeni, yaani chembe za urithi, ambazo mtoto huzipokea mbili mbili: moja kwa baba, nyingine kwa mama. Iwapo moja tu ina hitilafu, ile iliyo nzima hufanya kazi, na mtu huwa na rangi ya kawaida. Zikikutana mbili zenye hitilafu, melanini haitengenezwi, au hutengenezwa kidogo sana. Hivyo wazazi wawili weusi, kila mmoja akibeba jeni hiyo pasipo kujua, waweza kumzaa mtoto mwenye ualbino. Uwezekano ni robo katika kila uzazi. (Wanafunzi wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba akishazaliwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Urithi hauwahesabu waliotangulia.) Mama anayeshutumiwa uzinzi kwa sababu ya mtoto huyo anaonewa, kwani ualbino hautokei pasipo mchango wa baba.

Melanini huzuia mionzi mikali ya jua isidhuru ngozi. Ikikosekana, ngozi huungua, hufanya vidonda, na mara nyingi saratani hufuata. Macho nayo huumizwa na mwanga na hayaoni vizuri mbali.

Hayo ndiyo yote yaliyomo katika ualbino. Hakuna dawa ndani ya mifupa yake, wala bahati. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2006 hivi, mauaji na ukataji wa viungo ulienea, hasa katika Kanda ya Ziwa, na pia katika Shinyanga na Tabora, majirani wa Singida. Wapiga ramli walidai kuwa viungo hivyo huleta utajiri. Na kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa, wanunuzi hawakuwa maskini. Yafaa jambo hili likumbukwe kila ujinga wa wanakijiji unapotajwa kuwa ndiyo sababu pekee.

Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mwezi Machi wananchi walipiga kura za siri kuwataja washukiwa. Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Kati ya hatua hizo, ya mahakama ndiyo iliyosimama juu ya ushahidi. Jina lililoandikwa kwenye karatasi kwa siri laweza kuwa la mwuaji, au la jirani anayechukiwa tu. Na katika sehemu hizo hizo vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni.

Watoto wengi walikusanywa katika vituo vyenye ulinzi, kama Buhangija mjini Shinyanga. Vituo viliokoa maisha, lakini viliwatenga watoto na wazazi wao kwa miaka, wakati waliowatisha walibaki huru vijijini. Tarehe 5 Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za watu wenye ualbino, ikiwemo haki ya kuishi.

Kwa kata kama Mgori, ulinzi wenye manufaa ni ule unaomwacha mtoto alale kwao: majirani wanaoitikia yowe usiku, mgambo wanaoijua nyumba yake, na polisi wanaopelekewa habari za mgeni anayeuliza-uliza kabla hajatenda lolote. Darasani mtoto huyo aketi mbele, mbali na dirisha lenye jua, na aruhusiwe kuusogelea ubao. Avae kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule haina. Mafuta ya kukinga jua yametengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ngozi kama yake. Kazi iliyobaki ni kuyafikisha hadi zahanati za mbali na mji kabla ya msimu wa palizi.