Soketi, waya au ripita: njia ipi ifikishe waifai hadi uani?

Msimu wa korosho ukifika, intaneti ya nyumbani inakuwa na kazi nyingi Newala na Masasi. Mkulima anataka kufuatilia bei za mnada wa vyama vya ushirika vya TANECU au MAMCU zinazopatikana kupitia mfumo wa TMX, na mtoto wa kidato cha nne anatafuta mitihani ya miaka ya nyuma. Ruta iko sebuleni, juu ya dirisha, kwa kuwa hapo ndipo laini ya 4G inaposhika vizuri. Lakini jiko liko uani, na vyumba vya vijana viko uani. Huko waifai inafika kwa kusuasua, au haifiki kabisa.

Dukani utaambiwa kuna dawa: adapta mbili za kuchomeka kwenye soketi, ambazo hupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme zilizomo ukutani. Zinafanya kazi kweli. Swali ni kama zinafaa kwa nyumba yako, na kama hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kufika palepale.

Pima kabla ya kufungua pochi

Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa simu, uandike. Nenda jikoni upime tena, kisha nenda chumba cha mwisho uani. Fanya hivyo asubuhi, urudie saa mbili usiku watu wengi wanapokuwa mtandaoni.

Kama hata pale kwenye ruta unapata megabiti 3 tu, usinunue kitu chochote cha kusambaza. Utasambaza hizo hizo 3. Tatizo lako liko nje, kati ya nyumba na mnara. Masasi imezungukwa na vilima vya mawe kama Mkomaindo, na kilima kikikaa kati yako na mnara, kuhamishia ruta dirisha la upande wa pili kunaweza kukusaidia kuliko kifaa kipya, tena bila gharama.

Kama kwenye ruta unapata 25 na uani 2, hapo kasi inapotelea nyumbani kwako. Angalia kilicho katikati. Tofali za saruji zinapunguza mawimbi, na linta yenye nondo inazidisha. Huku juu uwandani kuna kikwazo kingine ambacho watu wa mijini hawakifikirii: maji. Kwa kuwa maji ya uwanda wa Makonde ni ya shida, nyumba nyingi huvuna mvua ya bati na kuihifadhi. Tangi la plastiki lililojaa, likiwa limesimama kati ya sebule na uani, linameza mawimbi ya waifai. Oktoba likiwa tupu, mawimbi yanapita. Machi likijaa, kijana anaanza kulalamika kwamba ruta imeharibika. Kusogeza ruta mita mbili ili mawimbi yakwepe tangi hakugharimu hata senti.

Adapta za soketi zinavyofanya kazi

Adapta ya kwanza unaichomeka karibu na ruta na kuiunganisha nayo kwa waya mfupi. Ya pili unaichomeka uani, nayo inatoa waifai au tundu la waya. Umeme wa TANESCO husafiri kwa hezi 50. Adapta hupitisha data kwenye nyaya zilezile kwa masafa ya juu zaidi, kuanzia megahezi 2 hadi 30, na aina mpya hupanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo umeme na data havigombani.

Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, 600, 1000 au 2000, ni za maabara. Nyumbani utapata sehemu ndogo tu ya hizo, na adapta nyingi za 600 zina tundu la waya lisilozidi megabiti 100. Hilo lisikusumbue. Kama 4G yako inaleta 25, adapta ya 600 inatosha, na ya 2000 ni pesa ya bure.

Masharti yake ndiyo yanayoamua:

Soketi zote mbili ziwe chini ya LUKU moja. Banda la uani likiwa na mita yake, mawimbi yanadhoofika sana au hayapiti.

Chomeka ukutani moja kwa moja. Ekstensheni yenye kinga, stabilaiza au ile gadi ya friji huchuja mawimbi hayo kama uchafu wa umeme.

Nyaya ziwe nzima. Mwombe fundi umeme afungue soketi moja ya uani. Akikuta nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe tu, rekebisha hapo kwanza. Ni usalama wa nyumba kabla ya kuwa suala la intaneti.

Pini ziwe tatu, bapa. Adapta zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza au Dubai huingia kwenye soketi zetu bila shida. Zile za Ulaya zenye pini mbili za duara zitakulazimu kutumia kiunganishi, nacho kikilegea, mtandao unakatika.

Kwenye nyumba ya kupanga ambako wapangaji wanachangia LUKU moja, bonyeza kitufe cha kuoanisha siku ya kwanza. Nyaya zako ndizo nyaya za jirani, na bila ufunguo wako mwenyewe, adapta ya mpangaji mwingine inaweza kuingia kwenye mtandao wako. Na kama redio ya masafa mafupi ya mzee wa chumba cha pili itaanza kunguruma, zima adapta kwanza uone.

Gharama, bega kwa bega

Bei za madukani hupanda na kushuka, lakini uwiano hauyumbi sana. Ripita moja ikiwa kipimo chako, jozi ya adapta za soketi hugharimu mara mbili hadi tatu yake, na seti ya meshi (vifaa kadhaa vya waifai vinavyofanya mtandao mmoja) mara tatu hadi tano. Kwa hiyo duka likikuuzia ripita kwa shilingi 50,000, jozi ya adapta isizidi sana 150,000.

Ripita ndiyo rahisi, lakini nyingi hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale, na hivyo kasi hushuka kama nusu. Pia lazima ikae mahali ambapo waifai bado ni nzuri. Ukiiweka uani kwenye giza la mtandao, itasambaza giza.

Waya wa mtandao wa Cat5e hubeba megabiti 1,000 hadi mita 100. Kutoka sebuleni hadi uani kwa kawaida ni mita 20 au 30. Zidisha kwa bei ya mita moja, ongeza bomba la kuufukia, na mwishoni uweke ruta ya zamani iliyolala kabatini. Dai waya wa shaba tupu, kwani ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba hukatika upesi. Usiupitishe hewani juu ya ua, kwa sababu ya radi za masika.

Usisahau umeme. Jozi ya adapta zinazokula wati 4 kila moja hutumia karibu uniti 6 kwa mwezi. Kwa bei ya EWURA iliyoanza 2016, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani kama 2,000 kwa mwezi pamoja nazo. Mwenye matumizi madogo hulipa 100 kwa uniti, lakini akivuka uniti 75, kila ya ziada ni 350. Kama wewe huishia 72, vifaa hivi vinakuvusha.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo ninapoegemea upande mmoja. Ruta nyingi hufanya kazi na betri ndogo ya volti 12, na ruta ya uani vilevile. Waya wa Cat5e hauhitaji TANESCO, kwa hiyo ukiwa na betri mbili, mwanafunzi anaendelea kusoma gizani. Adapta za soketi huzimika umeme unapokatika, hata kama ruta bado inawaka.

Basi, ukiwa na nyumba yako mwenyewe, chimba mtaro na ufukie waya. Utalipa mara moja. Ukiwa na vyumba viwili vilivyopakana, ripita inatosha. Adapta za soketi zimfae mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, au mwenye ua uliosakafiwa kwa zege, mradi LUKU ni moja na nyaya ni nzima. Akihama atazichomoa na kwenda nazo. Hata hivyo, azijaribu kwanza kwenye soketi ya uani, akiwa na risiti na ahadi ya muuzaji ya kuzirudisha.

Na kabla ya yote hayo, sogeza ruta mbali na kivuli cha tangi.