Jiko Banifu Linaokoa Kuni. Mapafu Je?

Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976 nchini Guatemala, lilienezwa vijijini jiko zito la udongo na mchanga lililoitwa Lorena. Walilipigia debe watu wengi, wakiwemo wa kituo kichanga cha utafiti cha Aprovecho, cha jimbo la Oregon, Marekani, wakiamini kwamba linapunguza kuni. Baadaye kituo hichohicho kililipima: kuni kiasi gani, maji kiasi gani, dakika ngapi hadi yachemke. Kumbe Lorena lilikuwa likila kuni nyingi kuliko moto wa mafiga matatu. Udongo ule mnene ulikuwa ukinywa joto kabla halijafika kwenye sufuria.

Aprovecho ni taasisi isiyo ya faida, na nadhani hilo lilisaidia. Mwenye shehena ya majiko ghalani angeona tabu kutangaza matokeo ya namna ile. Wao walianza upya, na mwaka 1982 mhandisi wao Larry Winiarski akaweka kanuni za jiko linaloitwa roketi, ambalo leo lina ndugu zake wengi Afrika Mashariki.

Ili kulielewa, tuanze na moshi wenyewe. Moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Ukuni ukipata joto hutoa gesi kwanza, na gesi hizo zikikuta joto kali, hewa ya kutosha na muda wa kuchanganyika, huteketea karibu zote. Mwali ukiilamba sufuria ya baridi mapema, hupoa, gesi hutoroka kabla ya kuungua, na hapo ndipo masizi yanapotokea. Roketi lina chumba kidogo chenye umbo la kiwiko na kuta nyepesi zisizonyonya joto. Kuni huungulia nchani, mwali hupata nafasi ya kupanda na kukamilisha kazi yake, kisha hewa ya moto hubanwa ipite kwenye upenyo mwembamba kandokando ya sufuria.

Humo mna kazi mbili tofauti: kuunguza kuni hadi mwisho, na kulifikisha joto kwenye chakula. Jiko laweza kuwa hodari kwa kazi ya pili huku ya kwanza ikilishinda. Mpishi ataona kuni zimepungua, mfadhili ataona picha nzuri za kuweka kwenye ripoti, na mapafu hayatapata nafuu yoyote. Tazama jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea kanda nzima. Limeokoa mkaa kweli, na moshi wake hauonekani sana. Lakini mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo maana kulala nalo chumba kimefungwa kunaua.

Kwa kuni, hatari kubwa ni chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo. Shirika hilohilo linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000.

Basi jiko safi likiingia jikoni, nimonia itapungua? Malawi walijaribu. Watoto zaidi ya elfu kumi wa vijijini walifuatiliwa, nusu ya familia zikipewa majiko ya kuni yenye feni. Matokeo yalipotoka Desemba 2016, nimonia haikuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Majeraha ya moto tu ndiyo yalipungua. Ikasemwa kuni ndiyo tatizo, tujaribu gesi ya mitungi. Utafiti uitwao HAPIN ukaingia kaya 3,200 za Guatemala, India, Peru na Rwanda, ambako ulifanyika wilayani Kayonza. Wajawazito walivaa vipimo mwilini, maana mtu ndiye anayevuta hewa, si ukuta wa jiko. Wa kundi la gesi walivuta hewa yenye takriban mikrogramu 24 za chembe katika mita ya ujazo, wa kundi la kuni takriban 70. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana, na nimonia kali ya wachanga haikupungua.

Sioni sababu ya kuzifungia kabatini tafiti hizi. Zinatuonyesha moshi unavyofanya kazi. Paa lenye matundu kumi, ukiziba matano, godoro bado linalowa. Jirani bado anapikia kuni, taka bado zinachomwa uani, na shughuli ikiwa kubwa mafiga yanarudi. Mikrogramu 24 ni karibu mara tano ya kiwango kinachopendekezwa. Tena nimonia ina njia nyingine za kuingilia, kuanzia lishe duni hadi chanjo zilizokosekana.

Ndiyo sababu watafiti wengi wamegeukia umeme. Nchini Tanzania taasisi isiyo ya faida ya TaTEDO imeshiriki utafiti ambao familia ziliandika kila zilichopika na nishati iliyotumika. Hapo presha kuka ya umeme ilionyesha ubora wake, hasa kwa maharage na makande. Ndani yake maji hupita nyuzi 100 bila yote kugeuka mvuke, kuta zake huhifadhi joto, na umeme hujikata mara kwa mara. Nusu kilo ya maharage huiva kwa chini ya yuniti moja, na jikoni hakuna moshi wala kaboni monoksaidi.

Ugali ni kesi nyingine. Kuusonga kunataka sufuria wazi iliyoshikwa imara, na presha kuka haikuundwa kwa mwiko. Umeme nao ukikatika saa kumi na mbili jioni, watoto hawawezi kusubiri. Kwa hiyo nyumba nyingi zitabaki na chombo cha pili, na mjadala wa watafiti sasa uko hapo: chombo hicho kiwe mtungi wa gesi, au mkaa uleule.