Umeambiwa Sukari Imepanda Kidogo?

Mama mmoja wa kikundi chetu cha Alhamisi alimsindikiza mama mkwe wake kliniki ya kisukari. Walipokuwa wakingoja, muuguzi akamtania, "Na wewe mama, lete kidole." Sukari ikaonekana iko juu kidogo. Akaambiwa arudi asubuhi nyingine kabla ya kula kitu. Aliporudi, kipimo kilikuwa 6.4. Daktari akamwambia, "Huna kisukari, lakini umekikaribia."

Karatasi ile aliificha kabatini chini ya vitenge. Wiki tatu hakumwambia mtu. Mama mkwe wake alikuwa amekatwa kidole cha mguu kwa sababu ya ugonjwa huo, basi naye akajiona yu njiani kwenda huko huko. Akaacha ugali, akaacha wali, akawa anakula mchicha mtupu huku watoto wakimtazama. Siku alipomfungulia moyo dada yake, dada akacheka: "Kama daktari kasema huna, huna. Kula chakula!"

Wote wawili walikosea, na nadhani akina mama wengi tunakosea hivyo hivyo.

Je, maana yake ni nini hasa? Chakula tunachokula, hasa cha wanga, hugeuka kuwa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huisaidia sukari hiyo kuingia katika misuli na sehemu nyingine zinazoihitaji. Uzito unapozidi, hasa tumboni, au mwili unapokaa bila kazi, insulini hufanya kazi kwa shida. Umri na urithi wa ukoo pia huchangia. Kongosho hujitahidi kutoa insulini nyingi zaidi. Likianza kushindwa, sukari hubaki katika damu. Katika hatua hii ya katikati, kwa kawaida mtu hasikii chochote. Haijulikani ila kwa kupima.

Kwa mipaka ya Shirika la Afya Duniani, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, mtu yumo katika hatua hii. Kuanzia 7.0 ni kisukari, na kwa mtu asiye na dalili kipimo hurudiwa kwanza. Chama cha Kisukari cha Marekani kilishusha mpaka wa chini hadi 5.6 mwaka 2003. Kwa hiyo mama mwenye 5.8 anaweza kuambiwa ana tatizo katika hospitali moja, na katika nyingine akaambiwa yu mzima. Damu ni ile ile. Usimlaumu daktari, muulize tu anatumia mpaka upi. Na ukipimwa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, mweleze kama una upungufu wa damu au selimundu, maana hali hizo huweza kukipotosha.

Sasa tuje kwenye swali lililomkosesha yule mama usingizi: je, lazima nitaugua? Hapana. Huko Marekani watu 3,234 waliokuwa katika hali hii, wengi wao wanawake, walifuatiliwa kwa karibu miaka 3, na matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida na vidonge visivyo na dawa: katika kila watu 100, kama 29 walipata kisukari. Kundi la pili lilipewa metformin: kama 22. Kundi la tatu halikupewa kidonge. Lilifundishwa na kusaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7, na kutembea haraka au kufanya mazoezi ya namna hiyo dakika 150 kwa wiki: kama 14 tu.

Zitazame hesabu hizo pande zote. Hata katika kundi la kwanza, watu 71 walikuwa hawajaugua muda ulipokwisha. Na hata katika kundi lililojitahidi, 14 waliugua, basi usimcheke mwenzako aliyejitahidi na bado akaugua.

Kwa mama mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi. Huko si kukonda. Lakini kwetu hata kilo tano zina maneno yake: utaulizwa kama unaumwa, au kama mumeo hakulishi. Ndiyo maana siri ya kabatini haifai. Yule mama alipomwonyesha mumewe karatasi, mumewe ndiye aliyewajibu majirani.

Na chungu kiwe kimoja. Hakuna mama mwenye nguvu ya kupika vyungu viwili mwaka mzima. Kwake ugali haukufukuzwa. Ulipunguzwa nusu, maharage na mboga za majani zikaongezwa, chapati zikawa za Jumapili. Sukari ya chai ilishuka kijiko kimoja kimoja kutoka vitatu. Soda ndiyo iliyomshinda kwa muda mrefu, hasa harusini, ambako kukataa huonekana dharau. (Sisi wenyewe wa kikundi tulikuwa na kosa hapo: maandazi na soda kila Alhamisi. Sasa kuna maji na karanga.)

Utasema kazi za nyumbani ni mazoezi tosha. Kulima na kuteka maji, ndiyo. Kuketi dukani kutwa, sivyo. Jipime kwa pumzi: tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi.

Vidonge vya mama mkwe usivionje. Metformin huwafaa baadhi ya watu walio katika hali hii, lakini uamuzi huo ni wa daktari.

Kuna akina mama wasiopaswa kungoja kutaniwa na muuguzi. Kama sukari yako ilipanda ulipokuwa mjamzito, usidhani mambo yamekwisha kwa kuwa mtoto amezaliwa salama. Pimwa tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha uendelee kupimwa kila mwaka mmoja hadi mitatu.

Mama wa kikundi chetu alipimwa tena baada ya mwaka, akakuta 5.9. Daktari amempa tarehe nyingine. Mumewe, ambaye hajawahi kupimwa maishani, ameahidi kwenda naye. Tunamsubiri.