Magari Yanapopigiana Mbiu, Nani Atamjua Mwongo?

Waswahili husema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Je, ikipigwa na mwongo? Swali hilo ndilo linalowashughulisha mafundi wanaotengeneza magari yanayojiendesha na kuzungumza baina yao kwa mawimbi ya redio.

Gari lisilo na dereva huitazama njia kwa kamera, rada na miale ya leza. Macho hayo hayapenyi ukuta, wala hayaoni kilichojificha nyuma ya lori. Ndiyo maana ukabuniwa mpango wa magari kupashana habari. Kila gari hutangaza kiasi cha mara 10 kwa sekunde: niko hapa, kasi yangu ni hii, naelekea huku, nimefunga breki. Magari yaliyo umbali wa mita 300 hivi huweza kusikia na kujihadhari. Huko Japani, Toyota ilianza kuuza magari yenye uwezo huu mwaka 2015.

Sasa chukulia mhalifu kakaa kando ya barabara na kompyuta yake, akatangaza kwamba gari la mbele limesimama ghafla, na kumbe hakuna gari. Yanayofuata yatafunga breki, na ya nyuma yatayavaa. Mwaka huo huo wa 2015, watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliliingilia gari la Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu, wakalizimia nguvu likiwa kwenye barabara kuu, nao wenyewe wako mbali. Njia waliyotumia haikuwa hii ya gari kwa gari, lakini funzo ni moja: mlango usio na waya nao wahitaji kufuli. Kampuni iliitisha magari milioni 1.4 yarekebishwe.

Kinga ya kwanza ni saini ya kidijitali. Ujumbe haufichwi, maana kila gari lapaswa kuusoma. Hutiwa muhuri kwa ufunguo wa siri ulio ndani ya gari, ukaambatana na cheti kilichotolewa na mamlaka inayoaminika. Ukibadilishwa hata herufi moja, muhuri haukubali. Ujumbe pia hubeba saa uliotumwa, ili mtu asinase wa jana akaurudia leo.

Lakini cheti kimoja cha kudumu kingemwezesha yeyote kukufuata kutoka nyumbani hadi kazini. Kwa hivyo gari hupewa vyeti vingi vya muda, visivyo na jina la mwenyewe, na huvibadilisha kila baada ya kitambo. Gari likianza kusema uongo, vyeti vyake hutiwa katika orodha ya vilivyofutwa, na mengine huacha kulisikiliza.

Hata hivyo, saini haithibitishi ukweli. Huthibitisha msemaji tu. Gari lililoharibika laweza kutia saini uzushi. Tena, mtu akiyavuruga mawimbi kwa kelele, hakuna saini itakayosikika. Ndiyo sababu gari halifai kutegemea redio pekee: lazima lipime habari kwa macho yake lenyewe, na likikosa kusikia lipunguze mwendo.

Yatuhusu nini sisi wa Pwani? Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Kilindini hutoka Japani, na sheria yetu haikubali yaliyozidi miaka 8. Gari jipya la huko leo ndilo letu la kesho kutwa. Litafika na programu ya miaka kadhaa nyuma, na redio inayotumia mawimbi ya megahezi 760, ilhali Ulaya na Marekani zimetenga ya gigahezi 5.9. Hayo mawili hayasikizani. Je, nani atalitumia masahihisho ya usalama likiwa Likoni au Malindi? Nani atatoa na kufuta vyeti?

Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 155, iliyoanza kutumika mwaka 2021, yawataka watengenezaji kuilinda mifumo ya gari dhidi ya wadukuzi. Nchi zinazoifuata huikagua kabla ya kuruhusu gari kuuzwa. Sisi tumezoea kukagua breki, taa na matairi. Wakati umewadia wakaguzi wetu waulize pia programu ya gari ni ya lini, na kama mtengenezaji angali anaihudumia. Maana breki nzima haitakufaa kitu iwapo anayeamua kuikanyaga ni mtu usiyemjua.