Mwanafunzi wa Ndalambo apewe mji wa kuchunguza

Mtihani wa vitendo wa Biolojia una mwendo ambao kila mwanafunzi wa sekondari anaujua. Anamimina myeyusho kwenye testitubu, anadondoshea iodini, rangi inageuka kuwa bluu iliyokaribia weusi, kisha anajaza jedwali: kuna wanga. Jibu hilo alishalikariri kabla hajaingia chumbani, hivyo hata rangi isipotokea, kishawishi ni kuandika lilelile. Mkono umefanya kazi, akili haijauliza kitu. Wakati wa Rais Jakaya Kikwete wananchi walichangia fedha na nguvu kutimiza agizo la kila shule ya kata kuwa na maabara tatu, ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Kazi ile ilikuwa kubwa na ya lazima. Lakini jengo peke yake halimfundishi mtu kuuliza, na sayansi huanzia kwenye swali. Hoja ya makala haya ni kwamba ulimwengu pepe, yaani mji au bonde lililoundwa ndani ya kompyuta, unaweza kuziba pengo hilo hata katika shule za pembezoni kama za Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe.

Mfano unaofaa kutazamwa ni River City, mradi ulioongozwa na Profesa Chris Dede wa Chuo Kikuu cha Harvard miaka ya mwanzo ya 2000. Wanafunzi waliingia, kwa kompyuta, katika mji wa karne ya 19 uliojengwa kando ya mto, ambako watu wanaugua na hakuna ajuaye sababu. Walizunguka mitaani kwa vikundi, wakahoji wakazi, wakasoma kumbukumbu za hospitali, wakachota maji na kuhesabu bakteria, wakanasa mbu na kuwahesabu, kisha wakarudi katika msimu mwingine kuona kilichobadilika. Ugumu wenyewe ulikuwa kwamba maradhi yalichanganyikana: mengine yaliletwa na maji, mengine na mbu, mengine yaliambukizwa kati ya mtu na mtu. Kila kikundi kilijenga nadharia tete, kikabadilisha jambo moja tu, kikalinganisha mji uliobadilishwa na ule ulioachwa ulivyokuwa. Mwisho kilimwandikia meya barua ya kueleza tatizo na ushauri wake. Watafiti wa mradi huo walibaini kwamba barua hizo zilionyesha uelewa wa uchunguzi ambao maswali ya kuchagua jibu hayakuweza kuupima.

Maradhi ya mji ule si mageni Songwe. Mto Momba unateremka hadi Ziwa Rukwa, na watu wa bonde hilo wanazijua homa za masika na hatari ya kipindupindu. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mtoto achungulie mto wa kompyuta ilhali mto wa kweli uko karibu? Ni kweli, mto wa kweli lazima aende kuutazama. Ila hakuna mwalimu mwenye haki ya kuondoa vyandarua katika kitongoji kizima ili aone malaria itaongezeka kiasi gani, wala wa kusubiri misimu minne ndani ya vipindi viwili. Katika mji wa kompyuta jaribio hilo linawezekana, linarudiwa, na anayekosea hamdhuru mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la umeme, kompyuta na intaneti. Halipaswi kupuuzwa, ila lisikuzwe kupita kiasi. Majaribio ya kompyuta ya PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na mshindi wa Nobeli Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, hutolewa bure, hupakuliwa na kutumika bila intaneti, na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kompyuta moja na projekta vinatosha kuanzia, mradi kila kikundi kitabiri kwanza kisha darasa lote lione nani amekaribia. Wanaohofia kwamba mchezo utakula muda wa mtihani wakumbuke kuwa anayejua kwa nini kitu kinatokea hahitaji kukariri jedwali.

Tena Tanzania ina ushahidi wake wa nguvu ya swali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba huko Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alilijaribu jambo lile badala ya kulidharau, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo. Mpemba hakukosa kipaji; alikosa, kwa miaka kadhaa, darasa ambalo swali lake lingepokelewa kama kazi ya kufanya.

Darasa hilo ndilo la kujengwa Ndalambo, na kompyuta ni mlango wake tu. Wanafunzi wakishamaliza mji wa kufikirika, waende kwenye visima na mabwawa ya kata yao, wahesabu viluwiluwi vya mbu, walinganishe eneo na eneo, na barua ya mwisho waipeleke kwa mtendaji wa kata. Naye awajibu.