Biashara ya Malori (3): Lori Jipya Linunuliwe Mwezi Gani?

Makala mbili zilizopita zilihusu ukubwa wa lori linaloendana na mzigo wako, na tofauti za malori ya China, Ulaya na Japani. Leo tunaingia kwenye swali ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka: lori linunuliwe lini? Wengi hununua siku benki inapokubali mkopo, au siku wanapomwona jirani analeta lake jipya. Mtu anabishana na muuzaji tangu asubuhi hadi jioni apunguziwe milioni mbili, ilhali mwezi aliouchagua umeshamgharimu zaidi ya milioni kumi.

Naitaja hukumu yangu mapema ili msomaji aipime tunavyoendelea. Kwa mtu anayeagiza lori jipya kutoka China kwa kazi za Tanzania, wakati mzuri wa kulipa ni kuanzia Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Desemba. Hapo ndipo zinapokutana kalenda nne zisizojuana: ya dola, ya kiwanda, ya bajeti na ya mavuno.

Nianze na dola, kwa kuwa ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya bei. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, hivyo muuzaji wa Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, atakutajia bei kwa shilingi. Lakini lori lake lilinunuliwa kwa dola, na shilingi anazokutajia zimetoka kwenye hesabu hiyo. Nusu ya kwanza ya mwaka dola huwa za kutafuta. Kuanzia Julai watalii wanajaa Serengeti na Zanzibar, mauzo ya mazao ya biashara yanashika kasi, na ifikapo Oktoba minada ya korosho ya Mtwara na Lindi inafunguliwa. Dola zinaingia, shilingi inapata nguvu.

Mwaka 2024 ulionyesha hali hiyo wazi kabisa. Mwezi Septemba dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,700. Kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa karibu 2,400. Chukua kichwa cha lori cha dola 50,000. Kwa kiwango cha kwanza ni shilingi milioni 135, kwa cha pili ni milioni 120. Tena tofauti haiishii hapo. Forodha hukokotoa kodi kwa thamani ya lori pamoja na bima na nauli ya meli, yote yakigeuzwa kuwa shilingi, kisha VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu yake, ushuru ukiwa ndani. Aliyesajiliwa VAT anaweza kuirudisha kwenye marejesho yake ya kodi. Ambaye hajasajiliwa anaibeba yote.

Wenzetu wa Kenya waliyaona haya kwa ukali zaidi. Januari 2024 dola ilifika zaidi ya shilingi 160 za Kenya, huku watu wakiulizana kama serikali itaweza kulipa hatifungani ya dola bilioni mbili iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikakopa upya na kununua sehemu kubwa ya deni hilo, hofu ikatulia, na ndani ya wiki chache dola ikashuka hadi karibu 130. Lori la dola 60,000 lililokuwa shilingi milioni 9.6 likawa milioni 7.8. Hakuna muuzaji wa Mombasa wala Nairobi ambaye angekupunguzia milioni 1.8 kwa sababu umemwomba vizuri.

Sarafu hazina ahadi, na upo mwaka ambao Oktoba haitaleta nafuu yoyote. Kwa hiyo simshauri mtu akae miaka miwili akisubiri dola ishuke. Ninachosema ni kwamba kama una uhuru wa kuchagua kati ya Machi na Novemba, chagua Novemba. Shilingi ikishaimarika, lipa. Usiendelee kuvizia dola ishuke kidogo zaidi.

Sasa kiwanda. Viwanda vya malori vya China, vikiwamo vya Sinotruk wanaotengeneza HOWO, husimama wakati wa mwaka mpya wa Kichina. Sikukuu hiyo huhama kila mwaka: mwaka 2025 iliangukia Januari 29, mwaka 2026 Februari 17. Wafanyakazi huondoka kwenda makwao kabla ya siku yenyewe na hurudi taratibu, na wauzaji wa vipuri wanaokilisha kiwanda nao hufunga. Oda iliyolipiwa Novemba inaweza kutoka kiwandani kabla ya hapo. Oda ya mwisho wa Desemba ina hatari ya kusogezwa hadi Machi. Ongeza mwezi mmoja hadi mwezi na nusu baharini, ongeza siku za bandarini na za usajili, na lori lako linaanza kukaribia Juni.

Na Juni ni mwezi wa bajeti. Kila mwaka mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husoma bajeti zao, na viwango vipya huanza Julai 1. Jumuiya ina Ushuru wa Pamoja wa Forodha, ambao tangu Julai 2022 una ngazi nne: sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Lakini nchi huruhusiwa kutoza kiwango tofauti kwa bidhaa fulani, na ruhusa hizo kwa kawaida hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Malori na vichwa vya matela vimekuwa vikitajwa mara kwa mara kwenye ruhusa za namna hiyo. Maana yake ni kwamba nafuu unayoiona leo huenda inakufa Juni 30 isipohuishwa.

Hapa kuna jambo linalowaponza watu wenye akili zao. Kiwango cha ushuru kinachotumika ni kile kilichopo wakati tamko la forodha linapowasilishwa ili bidhaa iingie kwa matumizi ya nchini. Siku uliyolipa kiwandani haihusiki, wala siku meli ilipong'oa nanga. Ukiagiza Aprili ukiwa umepiga hesabu kwa viwango vya Aprili, meli ikatia nanga Dar es Salaam Julai 5, utalipa kwa viwango vya Julai. Wapo wanaojibu kwamba bajeti inaweza pia kupunguza kodi. Kweli inaweza. Lakini mtu mwenye mtaji wa lori moja hana mahali pa kuegemea ushuru ukipanda, na mimi sioni sababu ya yeye kucheza mchezo huo.

Kalenda ya nne, ya mzigo, ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Lori la mahindi ya Rukwa, Katavi na Ruvuma, au la pamba ya Simiyu na Shinyanga, linatafutwa kuanzia Mei na Juni mavuno yanapotoka. Machi na Aprili masika yanakata barabara za vijijini, mazao hayajaiva, na madereva wanakaa kijiweni. Tuseme benki imekukopesha milioni 100 kwa riba ya asilimia 15, ulipe kwa miezi 36. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi milioni 3.47. Lori likianza kulipiwa Februari na kupata mzigo wa kwanza Mei, umelipa zaidi ya milioni 10 kabla ya gurudumu kuzalisha chochote. Sehemu kubwa ya faida uliyoipata kwenye dola imeliwa na miezi mitatu ya kusimama.

Ndiyo maana napenda oda ya Novemba kwa mtu wa mazao. Lori linatoka kiwandani Januari, linafika Dar es Salaam Machi, linatolewa bandarini mapema mwezi Aprili, na wakati huohuo fundi anamalizia bodi au tela. Tela liagizwe lori likiwa bado baharini, kwa sababu mafundi wazuri wana foleni. Zungumza na benki marejesho yaanze Mei au Juni. Benki nyingi husikiliza hoja hiyo mkopaji akionyesha mkataba wa mzigo.

Mtu wa transit, anayekwenda Tunduma na kuvuka hadi Ndola au Lubumbashi, yuko katika hali tofauti. Barabara yake ni ya lami, na shaba ya Katanga haisubiri mavuno. Huyo aagize mara tu shilingi inapoimarika, hata Septemba mwishoni, kwani kila mwezi lori linapowahi ni safari zaidi.

Vipi kuhusu lori jipya ambalo tayari liko yadi hapa nchini? Hapo kalenda inageuka. Wauzaji wana malengo ya mwezi, ya robo mwaka na ya mwaka, na lori lililobaki yadi Desemba litahesabiwa Januari kuwa la mwaka jana. Siku kumi za mwisho za Desemba ni siku zako. Wiki za mwanzo za Januari nazo si mbaya, kwani wenye malori yaliyotengenezwa mwaka uliopita wanaanza kulegea. Muuzaji akigoma kushusha bei, omba matairi mawili ya akiba, sevisi za mwanzo bure, au bima kubwa ya mwaka wa kwanza.

Ila lori la punguzo likaguliwe kana kwamba limetumika. Piga goti pembeni ya tairi utafute tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukiona 2223, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2023. Tazama matairi yote, pamoja na la akiba. Kisha soma namba ya chesisi: kwa malori ya China alama ya kumi kutoka kushoto huonyesha mwaka, R ikiwa 2024 na S ikiwa 2025. Lori lililokaa juani miaka miwili lina betri iliyochoka na mipira ya breki iliyokauka, hata kama plastiki za kwenye viti hazijatolewa. Punguzo la milioni tano kwa lori la namna hiyo ni dogo mno. Jiulize pia utakaa nalo muda gani. Anayepanga kuliuza baada ya miaka mitatu ataulizwa mwaka wa kutengenezwa, na mwaka huo uko kwenye kadi. Anayepanga kulifanyisha kazi miaka kumi hana haja ya kuusumbukia sana.

Nigusie kidogo na yaliyotumika, maana wengi wakipiga hesabu za jipya huishia huko. Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu, hubadilisha namba za usajili Machi na Septemba, na makampuni makubwa hupanga kupokea malori mapya miezi hiyo. Ya zamani hutoka kwa wingi wiki zinazofuata. Kwa hiyo Oktoba na Novemba, wakati shilingi yetu inapopumua, ndipo na yadi za kule zinapojaa. Kumbuka tu kwamba malori ya Ulaya yaliyosajiliwa mapya tangu 2014 ni ya kiwango cha Euro 6, yanataka AdBlue na fundi anayeielewa mifumo yake. Kenya hali ni nyingine: kanuni ya jumla hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na kila Januari mosi mwaka mmoja mzima wa magari unakosa sifa. Anayeagiza Novemba kwa soko la Kenya ahakikishe meli itafika kabla ya mwaka kuisha.

Limebaki onyo moja, nalo nalitoa kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikiuza viwanja kwa ajili yake. Usinunue lori kwa sababu nauli imepanda ghafla. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoifanya Ulaya itafute makaa ya mawe kila pembe ya dunia, makaa ya Ruvuma yalianza kusafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita 600 hadi bandari ya Mtwara. Bei ya makaa kwenye soko la dunia ilipita dola 400 kwa tani Septemba mwaka huo. Kufikia katikati ya 2023 ilikuwa chini ya dola 150. Lori lililoagizwa wakati bei iko juu lilihitaji miezi kadhaa kufika, na mkopo wake ulihitaji miaka mitatu kuisha. Nauli inapopanda wanunuzi wanakuwa wengi, muuzaji hana sababu ya kupunguza, na mzigo uliokuvutia huenda usiwepo lori litakaposajiliwa. Kinyume chake, mwaka ambao nauli imelala na yadi zimejaa ndio mwaka wa kuzungumza bei, ilimradi una mteja mmoja wa uhakika.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya mkopo, pata mkataba wa mzigo kwa maandishi, hata wa msimu mmoja tu. Weka alama kwenye mwezi ambao mzigo huo unaanza, kisha hesabu kurudi nyuma: wiki za usajili na bodi, siku za bandarini, siku za baharini, miezi ya kiwandani. Ukiangukia Januari au Aprili, ongea na mteja au subiri msimu unaofuata. Makala ijayo itahusu mkataba wa mkopo wa lori na vifungu vyake ambavyo lazima vieleweke kabla ya kutia saini. Wenye mikataba tayari wawe nayo mkononi tutakapoisoma pamoja.