Kazi ya Kundi Yataka Zamu

Sisi watu wa pwani tunalo neno chuo tangu enzi za mababu. Kabla ya kusikika habari za chuo kikuu, chuo kwetu kilikuwa ni baraza ya mwalimu, watoto wamekalishwa jamvini wakisomeshwa Kurani. Nami nilipita huko. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto wengi, basi aliyetangulia alimsomesha aliye nyuma yake. Aghalabu mtoto alijiona amekwisha kulijua somo lake, hata anapoambiwa amfahamishe mwenziwe, ulimi humkwama. Hapo ndipo hutambua kwamba kujua ni jambo moja, na kufahamisha ni jingine.

Jambo hilo ndilo wanalolitafuta walimu wa vyuo vikuu wanapotoa kazi ya kundi. Wanafunzi watano au sita hupewa swali moja, wakachunguza, wakaandika ripoti moja, kisha wakasimama mbele ya darasa kuieleza. Maksi ni za wote. Nia ni njema: kijana ajifunze kusikiliza, kugawana kazi, na kusema mbele za watu bila ya kutetemeka.

Lakini waulize vijana wenyewe yanayotendeka. Binti mmoja wa mtaani kwetu, aliyekwenda kusoma bara, alinihadithia kwamba kundi lao lilikuwa la watu sita na kazi waliifanya wawili. Mmoja alikuja siku ya mwisho kutia jina lake. Mwingine alikuwa na akili nyingi ila ni mnyamavu, na hapana aliyemwuliza neno. Maksi zikatolewa sawasawa. "Nimejifunza jambo moja tu, ami," akaniambia. "Nimejifunza kufanya kazi peke yangu."

Nadhani dawa ya maradhi haya iko katika milima ya Wakisii. Kisii mjini kuna chuo kikuu kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa cha walimu wa sekondari mwaka 1983, kikaingia chini ya Egerton mwaka 1994, na mwaka 2013 kikapata hati ya kujitegemea. Lakini kabla ya chuo hicho, wenyeji walikuwa na elimu yao ya kufanya kazi pamoja. Majirani wachache waliungana wakalima shamba la huyu leo, la yule kesho, mpaka zamu ikazunguka. Kundi hilo waliliita egesangio. Kazi ilipokuwa kubwa, uliitwa mtaa mzima, na huo ukawa risaga. Mtaalamu Philip Mayer aliuandika ushirika huo katika utafiti uliochapwa mwaka 1951.

Tazama, msomaji, hekima iliyomo. Watu ni wachache, kwa hiyo asiyekuja huonekana. Kazi ni ya zamu, kwa hiyo mvivu hujidhuru mwenyewe, maana shamba lake nalo linangoja majembe ya wenziwe. Tena mvua haingoji mtu: lazima wakae wazungumze, shamba la nani litangulie na kwa sababu gani. Mazungumzo hayo yalikuwa ni sehemu ya kazi yenyewe. Nasi tulikuwa na kikoa chetu, leo kwangu, kesho kwako. Anayekula kwa watu na zamu yake haipiki, haalikwi tena.

Vuka sasa uende Nyamira, kwenye majani chai ya Kebirigo na Sanganyi. Kila mkulima ana kishamba chake, lakini kiwanda ni kimoja na majani ya wengi huchanganywa. Mmoja akileta majani makuukuu, huiharibu chai ya wote. Kwa hiyo kituoni kapu la kila mtu hukaguliwa kwanza, kama ni majani mawili na chipukizi, likapimwa, uzito ukaandikwa kwa nambari ya mwenyewe. Kuchanganya huja baadaye.

Vyuo vyetu vingi huchanganya kabla ya kukagua, na hapo ndipo penye ila. Kundi na liwe la watu wanne, si tisa. Siku ya kwanza wakae waandike daftarini nani atafanya nini na lini. Kila mmoja aonyeshe sehemu yake kabla ya kuunganishwa. Na siku ya kueleza, mwalimu amchague yeyote amwulize sehemu ya mwenziwe. Hapo watalazimika kufahamishana. Yule mnyamavu apewe zamu ya kusema kwanza, na kama Kiingereza kinamzuia, nawazungumze Kiswahili, ripoti itaandikwa baadaye.

Msidhani hii ni hadithi ya maksi tu. Vijana hawa kesho ni wauguzi, walimu na mahandisi. Muuguzi wa usiku anapomkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa asubuhi, uhai wa yule mgonjwa umo katika maneno machache: amepewa dawa gani, saa ngapi, na nini kimebadilika. Asiyezoea kumfahamisha mwenziwe chuoni, atazoea wapi? Naomba walimu wetu wasimwache kijana akatoka chuo kikuu na somo alilotoka nalo yule binti.